Eti wananchi hawataki sheria za mazingira

Kila serikali inapotangaza katazo jipya kwa ajili ya mazingira, vijiweni linarudi neno lilelile: wananchi hawataki. Lilisemwa kwenye mifuko ya plastiki, na sasa linasemwa kwenye kuni na mkaa. Naona tunawasingizia wananchi.

"Watu wengi wanapinga"

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwahoji watu wapatao 130,000 katika nchi 125. Asilimia 89 walitaka serikali zao zichukue hatua kali zaidi dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, na asilimia 69 walikuwa tayari kutoa asilimia 1 ya kipato chao kila mwezi kwa kazi hiyo. Walipoulizwa ni wenzao wangapi wangekubali kutoa, walikisia asilimia 43 tu. Wanaotaka ni wengi, ila kila mmoja anadhani ni yeye na wachache wenzake.

"Wanaong'ang'ania mkaa hawana elimu"

Hii inaniudhi kuliko zote. Simama jioni kwenye genge lolote la Dar es Salaam. Mama anatoa noti ya elfu moja, anapimiwa mkaa kwa kopo, anawahi nyumbani kuinjika maharage. Kujaza mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na anayeishi kwa pesa ya siku huo mkupuo hana. Madhara ya moshi hahitaji kufundishwa na mtu. Ndiye anayeuvuta, na macho yanayowasha ni yake.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo zuri, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini litafikiwa pale mama huyu atakapoweza kununua gesi ya elfu moja kama anavyonunua mkaa wa elfu moja. Mita za gesi za kulipia kadiri unavyotumia zimeshaanza kufungwa katika baadhi ya nyumba jijini. Ruzuku ningeianzishia huko.

Hata Ufaransa, waandamanaji wa vizibao vya njano walioingia barabarani Novemba 2018 walichochewa na gharama, yaani nyongeza ya kodi ya mafuta iliyowekwa kwa ajili ya mazingira. Wengi wao waliishi mbali na miji, hawana treni wala basi la uhakika, gari ndiyo miguu yao. Serikali iliifuta nyongeza hiyo Desemba.

"Makatazo kwetu hayashiki"

Yanashika yakiandaliwa. Kenya ilijaribu kuzuia mifuko ya plastiki mwaka 2007 na tena 2011, ikashindwa. Katazo la Agosti 28, 2017 likashika. Tanzania ikafuata Juni 1, 2019, na watu wakarudia vikapu na mifuko ya kitambaa. Linganisha na mwaka 2006, Tanzania ilipopiga marufuku mkaa ghafla: jikoni hapakuwa na kitu cha kushika nafasi yake, na katazo lilidumu wiki chache tu. Sisemi plastiki imekwisha. Vifungashio laini vya plastiki viligeuzwa vya kubebea nyanya sokoni, na hapo usimamizi ndio uliolegea.

"Afrika inachafua kidogo, sheria za nini?"

Ni kweli mchango wa Afrika katika hewa ukaa inayotolewa duniani ni takriban asilimia 4, na wachafuzi wakubwa wana deni la kulipa. Lakini sheria hizi zinatulinda sisi wenyewe: mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, unaanzia milima ya Uluguru, na mteremko uliokatwa miti haushiki maji ya mvua hata ile kidogo inayonyesha. Mwishoni mwa 2022, ukame ulipopunguza maji ya Ruvu, jiji liliingia kwenye mgao, na ndoo zikapangwa foleni tangu alfajiri.