Mota na betri ya ndege ndogo ya rimoti ya kujitengenezea, kwa sisi tunaorushia Mbeya

Wengi wanaanzia kwenye mota, "mkuu nimeona mota ya 1000KV bei poa, niichukue?", na mimi narudisha swali tu, ndege yako ina uzito gani? Maana KV sio nguvu jamani, ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haijafungwa kitu, kwahiyo kamota ka gramu 30 na mota ya gramu 100 zote zinaweza kuandikwa 1000KV.

Anza na mzani wa jikoni. Weka bodi, sevo (vimota vidogo vya usukani), risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti), halafu ongeza kama gramu 300 za mota, spidi kontrola (inayopimia mota umeme) na betri. Tuseme imefika kilo 1.2. Ndege ya kujifunzia inataka kama wati 150 kwa kilo, hapo ni wati 180, ukitaka ya kupiga sarakasi nenda 200 kwa kilo na kuendelea. Betri ya lipo ya seli tatu inaandikwa volti 11.1 ila ukikanyaga moto, yaani mota ikizunguka kwa nguvu zote, inashuka hadi 10.5 hivi, gawanya 180 kwa 10.5 unapata ampea 17. Mota nachukua ya gramu 70 hivi, kwa sababu mota ya kawaida inavumilia kama wati 3 kwa kila gramu yake, na 1000KV kwa seli tatu inakaa vizuri na propela ya 10x5, yaani upana inchi 10 ncha hadi ncha na pichi inchi 5, pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja.

Sasa hapa ndo jedwali la muuzaji, lile la propela ipi inakula ampea ngapi, linapotudanganya. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Ndege ya mafuta huku inakosa pumzi, ya umeme haipumui, mota yenyewe iko sawa kabisa, ila propela inakosa cha kushika, ile 10x5 iliyokula ampea 17 pwani huku kipimo cha ampea kinasoma 15 tu na msukumo umepungua. Watu wanakimbilia kuongeza seli ya nne, hapana, weka 10x6 na ampea zinarudi zilipokuwa. Ya inchi 11 mimi siishauri, upana unaongeza mzigo kwa kasi sana kuliko pichi, na tena bawa nalo huku linataka spidi zaidi kama asilimia 9 ndo libebe uzito uleule, kwahiyo pichi inakusaidia mara mbili, inarudisha mzigo na inaongeza spidi. Ukiirusha kwa mkono itupe kwa nguvu, usiibembeleze.

Spidi kontrola chukua ya ampea 30, sio 20, maana siku ukienda nayo Dar na hiyo 10x6 ampea zitapanda na joto la kule unalijua.

Betri: 2200mAh inatosha. Usiimalize, tumia asilimia 80, ukiwa moto kamili muda wote ni dakika 6, ukirusha kistaarabu unafika 10. Ile C ya kwenye stika, yaani betri inaweza kutoa ampea mara ngapi ya ujazo wake, igawe kwa mbili, 30C ihesabu 15C, mara 2.2 bado ni ampea 33, uko salama. Kuna wanaonunua seli za laptopu kwa mafundi Mwanjelwa kwa sababu ni bei rahisi, ila seli ya laptopu ikitoa ampea 4 imejitahidi, ukiidai 17 volti zinaanguka na spidi kontrola inakata mota hewani. Za drili ya betri, zile zenyewe original, hizo zinaweza, ila ni nzito kidogo.

Na asubuhi za Juni na Julai betri ya baridi inalegea hata kama imejaa volti 12.6, itie mfuko wa ndani wa jaketi tangu unatoka nyumbani, ukifika uwanjani ndo uifunge.