Riwaya ya uhalifu baada ya moto mkuu: maana yake

Ukiulizia "kitabu cha upelelezi cha zamani" kwenye meza ya vitabu vya mtumba mjini Moshi, muuzaji anaweza kukupa kimojawapo kati ya viwili: kitabu kilichoandikwa zamani, au kitabu cha juzi ambacho kisa chake kimewekwa zamani. Hicho cha pili ndicho riwaya ya uhalifu ya kihistoria. Mtunzi ni wa leo, maiti ni wa karne zilizopita, na mpelelezi haruhusiwi kujua lolote ambalo watu wa enzi yake hawakulijua. Aina hii ina tawi lake dogo lenye wapenzi wengi: kisa kinaanza mji ukiwa umekwisha kuungua.

Mji unaorudiwa sana ni London. Usiku wa kuamkia Jumapili, 2 Septemba 1666, moto ulianzia kwa Thomas Farriner, mwokaji mikate wa mtaa wa Pudding Lane. Upepo wa mashariki ukausukuma hadi Jumatano. Ziliteketea nyumba 13,200, makanisa 87 ya parokia, na kanisa kuu la St Paul's. Vifo vilivyoandikwa havikufika kumi. Mtunzi hupitia kwenye namba hiyo ya mwisho. Maskini, wageni na watumishi wasio na ndugu hawakuwa na wa kuwahesabu, na katika vifusi vingi hivyo nani angeshangaa kukuta maiti mmoja zaidi?

Hapa ndipo watunzi wengi huteleza. Maiti aliyeungua hukunja mikono kama bondia, ngumi mbele ya kifua. Msomaji anaambiwa, "Alikufa akipigana." Sivyo. Joto hukausha na kufupisha misuli, ikavuta viungo, awe alikufa kwa kisu au kwa usingizi. Fuvu nalo hupasuka kwa joto bila kuguswa na rungu. Cha kuangalia ni koo: aliyekuwa hai wakati moto unawaka alivuta hewa, kwa hiyo masizi hukutwa ndani ya njia ya pumzi. Koo likiwa safi, uwezekano mkubwa ni kwamba alikuwa amekwisha kufa moto ulipomfikia. Song Ci, hakimu wa China, aliandika jambo hili mwaka 1247, ila askari wa mtaa wa London hakuwa amemsoma. Mpelelezi wa 1666 akilijua, lazima aonekane amelifikia kwa akili yake mwenyewe, labda kwa kuchungulia mdomo wa mbwa aliyefia bandani.

Kosa jingine ni kumfuta maiti kabisa. Nyumba ya mbao ikiungua haimalizi mtu. Hata tanuri la kuchomea maiti la siku hizi, lenye joto la nyuzi 800 na zaidi kwa saa nzima au zaidi, huacha vipande vya mifupa. Anayetaka maiti apotee atumie maghala ya chini ya nyumba. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini aliyeweka shajara, aliandika kwamba miezi kadhaa baadaye bado kulikuwa na maghala yanayofuka moshi. Aliyeuawa Desemba anaweza kutupwa humo akaonekana wa Septemba. Na kinyume chake kilitokea kweli: kaburi la Askofu Braybrooke, aliyefariki 1404, lilipasuka St Paul's ilipoporomoka, na mwili wake ukakutwa umekauka, nyama bado ipo, watu wakawa wanakwenda kuutazama.

Lakini maiti ni chambo tu. Uhondo wa tawi hili ni ardhi. Msomaji wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa sana: anayejua ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na sale, mmea wa kuonyesha mpaka, lililong'olewa usiku na kupandwa hatua mbili ndani ya migomba ya jirani, ameshaelewa nusu ya njama. London haikuwa na ofisi ya kusajili viwanja. Ushahidi wa mpaka ulikuwa ukuta, na kuta zilikuwa zimelala chini. Mikataba mingi ilimtaka mpangaji aitengeneze nyumba na aendelee kulipa pango hata kama imebaki majivu. Ili watu wasifilisiane, Bunge likaunda mahakama maalumu ya moto, iliyoanza kusikiliza mashauri Februari 1667 katika jengo la Clifford's Inn. Majaji waliweza kupunguza kodi, kurefusha mkataba au kuuvunja, kwa kuangalia nani ana uwezo wa kujenga upya. Kisha wapimaji, Robert Hooke akiwa mmoja wao, walipita na vigingi. Mwenye kiwanja alilipa kwanza shilingi 6 na peni 8, ndipo msingi wake ukapimwa. Basi fikiria: mkataba wa pekee umeungua, shahidi wa pekee wa mpaka ni bibi mjane, na mjane huyo anakutwa amekufa siku moja kabla ya kigingi kupigwa.

Mshukiwa wa bure naye yupo tayari kwenye kumbukumbu. Robert Hubert, Mfaransa mtengeneza saa, aliungama kwamba ndiye aliyewasha. Kwanza alitaja Westminster, mahali ambapo moto haukufika. Akabadili, akasema alitupa bomu la moto dirishani kwa mwokaji. Akanyongwa Oktoba 1666. Baadaye nahodha wa meli iliyomleta akasema Hubert alishuka London siku mbili baada ya moto kuanza. Farriner mwenyewe, ambaye tanuri lake lilikuwa na kila sababu ya kulaumiwa, alikuwa miongoni mwa waliotia saini hati ya mashtaka. Ukibuni njama hiyo kutoka kichwani, mhariri atakuambia imezidi.

Kabla ya kununua, pima kitabu kwa mambo machache. Mwenye nyumba akichoma ili alipwe bima, kirudishe: bima ya moto London ilikuja miaka ya 1680. Alama za vidole ni za mwishoni mwa karne ya 19. Polisi wa London walianza 1829. Kabla yao walikuwapo askari wa parokia na walinzi wa zamu ya usiku, kitu kinachokaribia sungusungu kuliko kituo cha polisi. Kalenda nayo ni mtego mzuri: Uingereza ilikuwa nyuma ya Ufaransa kwa siku 10, na mwaka wake wa kisheria ulianza 25 Machi, hivyo barua ya Januari 1667 huenda imeandikwa 1666. Mikahawa, ndiyo, ilikuwapo tangu 1652, ila kahawa yake ilitoka Yemen, si mlimani kwetu.

Anayetaka kuuhamishia mtindo huu kwenye mabanda ya soko la Moshi au Arusha asianze na ndimi za moto. Aanze asubuhi ya pili, mabati yamejikunja na bado hayashikiki, watu wawili wakigombea fremu moja: mmoja ana jina kwenye leseni, mwingine amekuwa akimlipa kodi kwa mdomo miaka tisa, na mzee wa soko aliyeshuhudia makubaliano haonekani.