Maji kwenye mfuko wa moyo: sindano ni tiba, usiikimbie

Kila inapokaribia Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Machi 24, elimu nyingi hutolewa kuhusu kikohozi na mapafu. Ni elimu ya lazima. Lakini kifua kikuu hushambulia pia mfuko unaouzunguka moyo, na katika nchi zetu ndicho chanzo kikuu cha maji kujaa humo, hasa kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Chanzo kinaweza pia kuwa saratani, figo kushindwa kufanya kazi, au jeraha la kisu au ajali ambalo hujaza damu badala ya maji.

Wagonjwa wengi wenye maji haya wanatufikia hospitalini wakiwa wamechoka kabisa, baada ya wiki kadhaa za kutibiwa "moyo mkubwa". Picha ya eksirei huonyesha kivuli kikubwa, na kivuli hicho kinaweza kuwa moyo uliotanuka au moyo wa kawaida uliozungukwa na maji. Eksirei pekee haitoshi kuvitofautisha. Kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, huvitofautisha kwa dakika chache.

Kwa kawaida mfuko huo una mililita 15 hadi 50 za maji. Yakiongezeka polepole, mfuko hutanuka na unaweza kubeba hata zaidi ya lita moja. Yakiingia ghafla, kama damu baada ya kuchomwa kisu, mililita 200 zinatosha kuua. Moyo uliobanwa haupati nafasi ya kujaa damu, hivyo hauna cha kusukuma.

Mgonjwa huhema, hawezi kulala chali na hupata nafuu kidogo akiketi ameinama mbele. Mishipa ya shingo hujaa hata akiwa ameketi. Presha hushuka, mapigo huenda mbio, na mapigo ya mkononi hufifia anapovuta pumzi. Kwa kifua kikuu, miguu na tumbo huweza kuvimba kwanza, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Usisubiri dalili zote zikamilike.

Hapa niseme wazi. Kununua Lasix, dawa ya kuongeza mkojo, dukani "kukausha maji" ni hatari. Dawa hiyo hupunguza damu inayorudi kwenye moyo, na moyo uliobanwa unaitegemea damu hiyohiyo. Kunywa maji kidogo nako hakuyaondoi yaliyo kwenye mfuko. Tumelisema mara nyingi, na bado wagonjwa wanaletwa wakiwa na presha isiyopimika.

Tiba ni kuyatoa. Daktari humweleza mgonjwa, kisha mgonjwa husaini fomu ya ridhaa. Mtu mzima mwenye akili timamu husaini mwenyewe. Shemeji, kaka au mchungaji hana mamlaka ya kumkatalia. Kwa mtoto husaini mzazi au mlezi. Ngozi chini ya ncha ya mfupa wa katikati ya kifua, au ubavuni, hutiwa ganzi, sindano huingizwa ikiongozwa na eko, na mara nyingi mrija huachwa ndani maji yaendelee kutoka. Sindano inalenga mfuko, haiulengi moyo. Kuna hatari, ikiwamo kugusa moyo au pafu, na ndiyo sababu tunaomba ridhaa. Lakini anayesema "fulani alitobolewa akafa" aulize pia fulani aliletwa katika hali gani. Kwa jeraha la kisu, mara nyingi tiba ni upasuaji wa haraka.

Maji yaliyotolewa hupelekwa maabara, ikiwamo kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu. Majibu hasi hayaondoi kifua kikuu, kwa kuwa vimelea huwa vichache humo. Hivyo daktari akiona dalili zinaelekea huko anaweza kuanzisha dawa, na mgonjwa asidhani anabahatishwa. Dozi ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Mkojo kuwa rangi ya chungwa ni kawaida; macho kuwa ya manjano si kawaida, rudi hospitali siku hiyohiyo. Kuhema kukiisha, usiache dawa.

Miguu ikianza kuvimba tena miezi kadhaa baadaye, huenda mfuko umekakamaa na kuubana moyo bila hata maji. Sindano haisaidii hapo. Mgonjwa huhitaji kuonwa na daktari bingwa wa moyo, na wengine hufanyiwa upasuaji wa kuuondoa mfuko huo, ambao huwa salama zaidi akifika kabla ini halijaharibika.