Wiki 12 zilizopita ilikuwa tarehe ngapi?

Kadi ya kliniki imeandikwa mimba ya wiki 12. Baba anaipokea, anahesabu vidole kimyakimya, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Nesi, wiki 12 zilizopita mimi nilikuwa Chunya machimboni. Sasa hii imekaaje?" Mama yuko kando, kainama. Mimi ni mkunga huku Rungwe, na swali hilo nimelisikia kwa namna nyingi. Wengine hawaliulizi kliniki, wanakwenda nalo nyumbani, na huko ndiko linakozua makubwa.

Tuanze na hesabu yenyewe. Tuseme leo ni Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025. Wiki 12 ni siku 84. Toa siku 20 za Agosti, umefika tarehe 31 Julai na zimebaki 64. Toa 31 za Julai, umefika tarehe 30 Juni na zimebaki 33. Toa 30 za Juni, umefika tarehe 31 Mei na zimebaki 3. Rudi siku hizo tatu: tarehe 28 Mei. Sasa itazame kalenda. Tarehe 28 Mei 2025 ilikuwa Jumatano, kama leo. Wiki kamili hazibadilishi siku ya juma, ziwe 2 au 40, kwa hiyo ukianzia Jumatano ukaangukia Alhamisi, kuna mahali umeteleza. Kosa la mara kwa mara ni kuihesabu leo kuwa siku ya kwanza. Leo ni sifuri. Jana ndiyo moja.

Asiyekumbuka miezi yenye siku 31 akunje ngumi. Kifundo cha kwanza ni Januari, bonde linalofuata ni Februari, kifundo Machi, hivyo hivyo hadi Julai kwenye kifundo cha mwisho; kisha unarudi kifundo cha kwanza kwa Agosti. Vifundo vyote vina 31. Februari ina 28, ila mwaka mrefu kama 2024 ilikuwa na 29.

Wengi hawapiti njia hiyo. Wanasema wiki nne ni mwezi, basi wiki 12 ni miezi mitatu, basi ni tarehe 20 Mei. Wamepotea siku nane. Wiki nne ni siku 28, na mwezi wa siku 28 ni Februari peke yake. Kadiri unavyorudi mbali ndivyo pengo linavyopanuka. Wiki 28 kutoka tarehe hiyohiyo ya Agosti zinakufikisha tarehe 5 Februari. Anayesema "miezi saba" atatua tarehe 20 Januari, siku 16 nyuma zaidi. Kwa wiki 40 atasema mimba ni ya miezi kumi, wakati siku 280 ni miezi tisa na wiki moja hivi. Ndiyo maana tunaandika wiki kwenye kadi, na ndiyo maana nawasihi wenzangu wa kliniki tusimtafsirie mama wiki kwa miezi ili tu tumalize foleni.

Lakini yule baba wa Chunya hakukosea kutoa. Tuseme alirudi nyumbani Jumamosi ya tarehe 7 Juni. Hadi tarehe 20 Agosti hizo ni siku 74, yaani wiki 10 na siku 4. Kadi inasema 12. Hesabu yake ni sahihi, na kadi nayo ni sahihi.

Tofauti iko kwenye siku ya kuanzia. Wanaume wengi wa kwetu wamejifunza hesabu ya mimba bandani. Nguruwe hubeba mimba siku 114 hivi, yaani wiki 16 na siku 2, na mfugaji huhesabu tangu siku jike lilipopandwa. Jike likizaa tarehe 20 Agosti, anarudi nyuma hadi Jumatatu ya tarehe 28 Aprili na anajua ni dume la jirani yupi. Kwa ng'ombe ni vivyo hivyo, siku 283 hivi tangu kupandishwa. Mimba ya binadamu haihesabiwi hivyo. Sisi tunaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo mama aliiona kwa macho, ilhali siku yai lilipotunga hakuna aliyeiona. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka siku 14 hivi baada ya hedhi kuanza. Basi rudi kwenye mfano wetu: hedhi ilianza tarehe 28 Mei, mimba ikatunga karibu na tarehe 11 Juni, na baba alikuwa nyumbani tangu tarehe 7. Zile wiki mbili za mwanzo za kadi, mama hakuwa na mimba kabisa! Inashangaza, najua, lakini ndivyo inavyohesabiwa sehemu nyingi duniani. Mzunguko wa mama ukiwa mrefu au mfupi kuliko siku 28, tarehe ya kutunga nayo husogea.

Karatasi ya altrasaundi ina mtego wake. Ikiandikwa "wiki 9 na siku 3", hizo ni za siku ya kipimo, si za siku unayoisoma. Tafuta kwanza tarehe iliyo juu ya karatasi, kisha urudi siku 66 kuanzia hapo. Kipimo cha mapema, kabla ya wiki ya 14, hukadiria vizuri zaidi, kwa tofauti ya wiki moja hivi. Cha miezi ya mwisho kinaweza kupishana wiki kadhaa.

Na asiyekumbuka tarehe? Hao ni wengi, na sioni haja ya kuwafokea. Shambani hakuna kalenda ukutani. Namwuliza mama: ilikuwa kabla ya Nane Nane au baada? Mahindi yalikuwa yameshavunwa? Kwa vijiji vyenye gulio la kila wiki swali ni jepesi zaidi: tangu damu ile, umeenda magulio mangapi? Kila gulio ni wiki moja, na mama anayeuza ndizi au viazi hasahau gulio hata moja. Akisema ilianza usiku, namwuliza ni usiku wa kuamkia siku gani, maana "Jumatano usiku" kwa mmoja ni Alhamisi alfajiri kwa mwingine.

Tunaitafuta tarehe hiyo kwa bidii kwa sababu mengi yanaitegemea. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki ya 12 kuisha. Mtoto akija kabla ya wiki 37 tunamhesabu njiti, na mimba ikivuka 42 hatuwezi kukaa tukisubiri tu. Tarehe ya kujifungua nayo inatoka hapo hapo: chukua 28 Mei, ongeza siku 7 uwe 4 Juni, rudi miezi mitatu, utapata 4 Machi ya mwaka unaofuata. Tarehe iliyotokana na magulio naiandika kwenye kadi kwa penseli, na namwomba mama aende altrasaundi kabla sijaikazia kwa wino.