Ng'ombe Amekufa: Je, Mkamuaji Ndiye wa Kufutwa?

Dhana: Mnyama akifia mikononi mwako, kazi imeisha.

Nafuga, na najua uchungu wa kupoteza ng'ombe wa lita 20. Hata hivyo, mzoga peke yake hauthibitishi uzembe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 44, inaruhusu kumfuta mtu papo hapo akipuuza kazi yake makusudi au akiifanya ovyo, na kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu. Chukua ugonjwa wa kiwele. Mkamuaji aliyefunzwa kukamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili aone kama maziwa yana mabonge, na kikombe anacho, akiacha kufanya hivyo ana la kujibu. Lakini ng'ombe akiugua kwa kulala topeni kwa sababu mwenye boma hajanunua maranda ya kumtandikia tangu mvua ianze, mzembe ni nani?

Dhana: Kosa likiwa kubwa, hakuna haja ya kikao.

Hapa ndipo waajiri wengi hujikwaa. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, kisha wasikilizwe wote wawili kabla ya uamuzi. Simu ya saa nne usiku, "kesho usije", si kikao. Ukiruka hatua hiyo, hata kama ndama alikufa kweli kwa uzembe, mahakama inaweza kusema umemfuta isivyo haki na kukuamuru umlipe hadi mshahara wa miezi 12. Mfanyakazi naye asishangilie mapema: mchango wake katika kufutwa hupimwa, na fidia huweza kupungua.

Dhana: Mshahara unazuiwa mpaka ng'ombe alipwe.

Hapana. Siku ulizofanya kazi hulipwa hadi siku ya kufutwa. Makato ya hasara yanaruhusiwa pale tu hasara ilipotokana na kosa la makusudi, tena kwa kiasi cha haki, na makato yote kwa jumla hayapiti theluthi mbili za mshahara.

Dhana: Bila karatasi, huna kesi.

Mkataba wa mdomo ni mkataba. Ila ule ujumbe wa WhatsApp uliotuma wiki tatu kabla ya msiba, "Mzee, dawa ya kupe imeisha", usiufute.