Wasifu wa mzee wa Pasiansi, na daftari lake la mbio

Simu za kazi yangu huingia usiku. "Shikamoo mwalimu, mzee ametutoka. Mazishi keshokutwa, tunaomba utuandikie wasifu." Tangu nistaafu kufundisha historia hapa Mwanza, naitwa kwa kazi hii kuliko nyingine yoyote, na siku hizi wengi ninaowaandika ni wa rika moja, vijana wa 1978. Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera walikuwa na miaka ishirini na kitu. Sasa wanaondoka mmoja mmoja.

Wasifu wa msibani hupewa dakika tano. Ukizidi, mchungaji anaanza kutazama saa. Msomaji kwa kawaida ni mtoto au mjukuu wa marehemu, na lazima sauti imkatike mahali. Ndiyo maana naandika sentensi fupi, akikwama apate pa kuvuta pumzi. Kurasa nazibana kwa pini, kwa sababu upepo wa ziwa ukiingia chini ya turubai hauheshimu msiba wa mtu.

Marehemu akiwa askari, familia huniletea sentensi moja: "Alipigana Vita vya Kagera kwa ushujaa mkubwa." Hiyo ni ya kila mtu, kwa hiyo si ya mtu. Mwalimu Nyerere alipotangaza tarehe 2 Novemba 1978 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo, hawakwenda askari wa JWTZ peke yao. Walikwenda polisi, magereza, vijana wa JKT na maelfu ya mgambo. Nauliza: mzee alikuwa wa kudumu au mgambo? Alivukia Kyaka kabla daraja halijajengwa upya, au baada? Alikuwepo Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, au aliendelea kaskazini hadi vita vilipoisha mwanzoni mwa Juni? Mjane mara nyingi hajui, maana wazee hawa hawakusimulia nyumbani. Ndipo naomba namba ya simu ya mtu aliyelala naye handaki moja.

Desturi hiyo ya kuuliza niliilipia kwa aibu. Msiba mmoja wa Nyakato, binti aliniambia baba yake alishambuliwa na ndege za Amin Bukoba mwaka 1972. Nikajiona mjuzi, nikabadili iwe 1978. Wasifu uliposomwa, babu mmoja akanyanyuka na mkongojo wake: "Hapana. Ni sabini na mbili. Nilikuwa naye." Na kweli, Septemba 1972, baada ya wapinzani wa Amin kuingia Uganda kutokea kwetu, ndege zake zilipiga Bukoba. Mimi niliyelifundisha somo hilo darasani ndiye niliyelifuta kwenye karatasi ya marehemu.

Turudi kwa mzee wa Pasiansi, hapa hapa Mwanza. Huyu alikuwa askari, mkimbiaji na baba wa watoto sita, na familia ilitaka wasifu wa sehemu tatu, kama ripoti. Kijana wake mkubwa alisisitiza niandike kwamba mzee "alimshinda Filbert Bayi". Nikamuuliza: wapi, lini, nani alipima? Bayi naye alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo kukutana kwenye uwanja wa majeshi kunawezekana. Lakini Bayi ni yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Jina kama hilo ukiliweka bila ushahidi, waombolezaji watamjadili Bayi na marehemu watamsahau. Kijana alinuna. Nikamwacha anune.

Aliyeniokoa ni mjane. Aliingia chumbani, akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Ndani kulikuwa na tarehe, umbali na muda, kwa mwandiko wa kiaskari uliosimama wima. Oktoba 1978, mita 5,000: dakika 15 na sekunde 48. Chini yake mstari mmoja mtupu. Halafu Septemba 1979, umbali uleule: dakika 17 na sekunde 31.

Nilikaa na mstari ule mtupu muda mrefu. Bibi akaniambia mumewe aliporudi hakuwa analala. Saa tisa usiku anafunga viatu, anakimbia hadi Mwaloni Kirumba, anawasubiri wavuvi, anarudi na sato wawili kabla watoto hawajaamka. Bibi mwenyewe vita vilimfuata hapa hapa mjini, kwani Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kupiga Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Alikuwa na kifungua mimba wake mgongoni, na mume hajulikani aliko.

Baada ya 1985 kurasa zinabadilika. Muda wa mzee unapotea, zinaanza herufi za majina ya watoto: nyumbani hadi shule, dakika 14 na sekunde 20, dakika 13 na sekunde 55. Alikuwa anawakimbiza nyuma, saa mkononi. "Tulikuwa tunamwamkia mwalimu wa zamu huku tunahema," binti wa tatu alisema. "Tulimchukia!" Akacheka, kisha akalia.

Basi wasifu wangu ukawa ni daftari hilo. Sikutenga sehemu ya vita, ya michezo na ya familia. Mjukuu alisoma tarehe na muda, na alipofika kwenye mstari mtupu nilikuwa nimemwandikia: nyamaza hapa, hesabu hadi kumi. Alihesabu. Wazee waliovaa medali pale mbele walivua kofia bila kuambiwa.

Baada ya kuvunja matanga nilimrudishia bibi daftari lake. Akalifungua ukurasa wa mwisho kabisa, ambao sikuufikia, akaniwekea kidole. 2009: "Mama watoto. Nyumbani hadi Mwaloni, kwa miguu. Dakika 52."

"Na mimi nilikuwemo, mwalimu," akasema. "Na siku hiyo nilikuwa nimebeba kapu."