“Bohemian Rhapsody” si Kisa cha Mapinduzi ya Zanzibar

Kila ninapofundisha upangaji wa sauti, hutokea mtu akasisitiza kwamba wimbo huu wa bendi ya Queen ni kisa cha mwimbaji wake, Freddie Mercury, kuikimbia Zanzibar mwaka 1964, na ushahidi wake huwa ni ule ule: kijana aliyeua, mama anayeagwa, na “Bismillah” inayoimbwa katikati. Nimechoka kulijibu dai hili kwa mdomo.

Ni kweli kwamba Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na kwamba familia yake ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi. Lakini wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster, kwa hiyo “Bismillah” haikuwa sala ya nyumbani kwao, naye alisomea shule ya bweni Panchgani, India.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayetazama jinsi wimbo ulivyojengwa. Rasimu zake za mkono, zilizouzwa mnadani London mwaka 2023, ziliandikwa kwenye karatasi za shirika la ndege la British Midland, na katika ukurasa mmoja neno “Mongolian” limekatwa, likaandikwa “Bohemian”. Anayesimulia maisha yake hayahamishi kutoka Mongolia hadi Bohemia kwa mstari mmoja wa kalamu. Anayefanya hivyo ni mtunzi anayesaka mlio. Scaramouche na Figaro wanaotajwa katika wimbo nao wametoka katika majukwaa ya vichekesho na opera, ilhali “Galileo” ina irabu wazi ambazo Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, aliweza kuzipandisha juu kabisa bila sauti kubanwa. Mtayarishaji Roy Thomas Baker alisimulia kwamba Mercury alizidi kuongeza “Galileo” nyingine, na kipande cha opera cha katikati, kilichokusudiwa kuwa kifupi, kikarefuka. Mwaka 1975, katika kazi iliyoanzia studio ya Rockfield, Wales, wanabendi waliimba saa 10 hadi 12 kwa siku, wakirundika sauti juu ya sauti kwenye kanda ya njia 24, yaani yenye nafasi 24 za kurekodi sauti kando kando, hadi kanda yenyewe ikachakaa na kupitisha mwanga.

Hata hivyo, siwezi kuapa kwamba Zanzibar haimo kabisa. Mtoto wa Unguja husikia bismillah kila siku, awe wa dini yoyote, na Mercury alikataa kuufafanua wimbo huu mpaka alipofariki mwaka 1991. Wapo pia wanaosema kwamba aliyeuawa ni nafsi yake ya zamani. Hao siwapingi, ingawa mimi huisikia maana hiyo katika piano ya mwanzo, kabla opera haijaanza.